Miwani kwa kichwa, ambu kwa mkono

Watoto wengi huzaliwa na kulia wenyewe. Katika kila kumi, mmoja hivi huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua: afutwe vizuri, asuguliwe mgongo, asafishwe mdomo pale inapolazimu. Wachache zaidi, kati ya watatu na sita katika kila mia, hawaanzi hata baada ya hayo. Hao wanahitaji kusukumiwa hewa kwa ambu, ule mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo ambao muuguzi huubinya kwa mkono wake. Na ambu inatakiwa ianze kufanya kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ndiyo maana wakufunzi huiita dakika ya dhahabu.

Haraka hiyo ina sababu inayopimika. Mwaka 2012 watafiti walioweka waangalizi wenye saa katika chumba cha kujifungulia cha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, Tanzania, waliripoti kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa iliyosahaulika kwenye droo. Ni muda wa muuguzi mgeni kumwita mwenzake aliye wodi ya pili na kusubiri aitikie.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa uuguzi aliyepangiwa wodi ya wazazi katika kituo kinachozalisha akina mama 40 kwa mwezi. Kwa hesabu ile ya juu, watoto watakaohitaji ambu mwezi mzima ni wawili hivi. Huenda wote wawili wakazaliwa usiku, yeye akiwa bwenini. Na hata akiwepo, mkunga mwenye uzoefu atamsogeza pembeni, na atakuwa amefanya sawa kabisa, maana hakuna mama aliyekubali mwanawe awe daftari la mazoezi. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumaliza chuo, akafaulu mtihani, akapangiwa zahanati ambako usiku yuko peke yake, na mtoto asiyepumua atakayempokea huko akawa ndiye wa kwanza kabisa wa aina hiyo kumshika maishani.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na mazoezi ya kuigiza, na uhalisia pepe ni tawi jipya la mti huo. Shina lenyewe ni mdoli. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, pamoja na washirika wake, kilizindua mafunzo yaitwayo Helping Babies Breathe kwa ajili ya wahudumu wa nchi zenye uhaba wa vifaa. Kifaa chake kikuu ni NeoNatalie, mdoli uliotengenezwa na Laerdal Global Health ya Stavanger, Norwei. Unajazwa maji hadi unakuwa na uzito wa mtoto mchanga, kichwa chake kinalegea kama cha mtoto, na mkufunzi akibinya kipira pembeni anaufanya ulie, upumue au mapigo ya kitovu yadunde. Hauna umeme wala skrini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu, katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47.

Miwani ya uhalisia pepe inafanya kazi tofauti. Ndani yake mna lenzi mbili, kila jicho na picha yake iliyopishana kidogo na ya mwenzake, na ubongo unaziunganisha kuwa chumba chenye kina. Vihisi vinafuatilia kichwa: ukigeuka kushoto, chumba kinageuka nawe, na kitanda cha mama kilichokuwa nyuma yako kinatokea mbele. Miwani rahisi ni kasha la plastiki linaloshikilia simu ya kawaida. Inajua kichwa kimegeukia wapi, lakini haijui kama umepiga hatua. Miwani ghali zaidi ina kamera zake yenyewe, inajua ulipo chumbani, na inakuja na vishikio viwili vya mkononi. Ukinyoosha mkono, mkono wa katuni unanyooka. Ukibonyeza kitufe, unaokota taulo.

Humo ndani mwanafunzi anakuta mama ameshajifungua, mtoto amelala kimya juu ya tumbo, saa inakimbia ukutani. Nifanye nini kwanza? Nimfute. Hajalia. Nimsugue mgongo. Bado. Nimsafishe mdomo, au nikate kitovu na kumpeleka kwenye meza yenye ambu? Kila uamuzi una matokeo. Akipoteza sekunde 20 kwa kufyonza mdomo usio na uchafu, programu inaziandika. Akikosea, mtoto anazidi kulegea, na mwanafunzi anaanza upya bila aliyeumia. Anaweza kurudia saa nne usiku, mkufunzi akiwa amelala, na kesho yake mkufunzi akafungua kompyuta na kuona amekwama wapi.

Hapo ndipo nguvu ya kweli ya teknolojia hii ilipo, na si jambo dogo. Watu wengi hudhani makosa katika chumba cha kujifungulia hutokana na kutojua. Mara nyingi muuguzi anajua hatua zote, ukimwuliza mezani atakutajia. Kinachomponyoka ni mpangilio wake chini ya mshtuko. Anasugua kwa dakika mbili akitumaini, kwa sababu kuchukua ambu ni kukiri kwamba hali ni mbaya. Kuuzoeza ubongo kusema "basi, ambu sasa" kunahitaji kuona hali hiyo mara nyingi, na kwa wingi huo miwani inashinda: haichoki, haihitaji chumba kupangwa upya, inabadilisha kisa kila mara. Leo ni mtoto njiti, kesho ni aliyezaliwa katika maji yenye kinyesi, keshokutwa ni pacha wa pili ambaye hakuna aliyejua yupo.

Ila mtoto haokolewi na uamuzi peke yake. Mkono nao una kazi yake.

Tazama kinachotakiwa kufanyika. Kichwa cha mtoto kinawekwa katika mkao wa kati, kisipinde mbele wala kurudishwa nyuma mno, maana njia ya hewa ya mtoto mchanga ni laini na hujifunga pande zote mbili. Barakoa inakaa juu ya kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Kidole gumba na cha shahada vinaibana kwa juu, vidole vilivyobaki vinainua taya kuja kwenye barakoa. Ukikandamiza kupita kiasi, shingo inakunjika na hewa haipiti. Ukilegeza, inavujia shavuni. Kisha unabinya, pumzi 40 hivi kwa dakika, ukitazama kifua. Kisipopanda, unarekebisha kichwa, unakaza barakoa, unaangalia mdomo, unabinya zaidi kidogo. Haya yote yako kwenye ngozi ya vidole. Ni kama unga wa chapati: utaangalia video mpaka uchoke, lakini mkono ndio utakaokwambia maji yametosha. Kishikio cha miwani kinatetemeka ukibonyeza kitufe, na mtetemo si uzito wa taya. Hakuna hewa inayovuja pembeni ya kitufe.

Mwanafunzi aliyefunzwa kwa miwani tu, basi, anaweza kufika kwenye ambu kwa sekunde zinazotakiwa na kisha asipitishe hewa hata mara moja. Hilo linanitia hofu kuliko kutofundishwa kabisa, kwa sababu asiyejua huita msaada mapema.

Kabla ya kununua chochote, wakuu wa vyuo wangefaa kukisoma kisa cha Haydom kwa makini, maana kinahusu mafunzo yenyewe kuliko kifaa. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipewa kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mdoli. Waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74, alama ambazo chuo chochote kingezibandika ubaoni. Lakini waangalizi wale wenye saa walikuwa wakiendelea kuhesabu ndani ya chumba cha kujifungulia, na huko hawakuona maendeleo: huduma kwa watoto halisi haikuboreka. Watafiti waliyachapisha hayo mwaka 2013 bila kuficha, na binafsi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa mafanikio yaliyofuata.

Baada ya kipimo hicho hospitali haikubadilisha mdoli wala kuleta mashine mpya. Ilibadilisha ratiba. Mdoli ulihamishiwa palepale wodini, na kila wiki wahudumu wakafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano, kazini, na wenzao wa zamu, wakisimamiwa na watu wa hapohapo. Katika mwaka mmoja tangu Februari 2011, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ndani ya takwimu hizo kuna jambo linaloweza kumpita msomaji wa haraka: watoto waliosuguliwa na kusafishwa mdomo waliongezeka, ilhali waliohitaji ambu walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Yaani wahudumu walianza mapema, na hatua za mwanzo zikawatosha wengi.

Kwa hiyo mdoli uleule uliwahi kushindwa na kushinda katika jengo moja, ndani ya miaka miwili. Tofauti ilikuwa marudio, na marudio ya mahali penye kazi. Miwani nayo itapimwa kwa kipimo hicho. Chuo kikiinunua, kikaizindua kwa picha na mgeni rasmi, kila mwanafunzi akaivaa mara moja katika muhula na kupewa cheti, hiyo itakuwa kozi ya siku moja tena, ya bei kubwa zaidi.

Wapo walioijaribu miwani kwa haki. Timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Washington cha Seattle, pamoja na wataalamu wa Nigeria na Kenya, ilitengeneza eHBB, yaani Helping Babies Breathe ndani ya simu iliyowekwa kwenye kasha la miwani. Waliichunguza kwa wauguzi na wakunga 274 wa Lagos na wa Busia, magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka katika jarida la BMJ Open mwaka 2021. Kinachonivutia ni jinsi walivyoupanga utafiti. Kwanza, wote walifunzwa kwa mdoli. Miwani haikuchukua nafasi yake. Ilikuja baadaye, kama njia ya kukumbusha. Pili, waliilinganisha miwani na video na mwongozo wa kawaida, ili ijulikane kama sifa ni ya miwani au ni ya kukumbushwa tu. Tatu, walirudi baada ya miezi sita kuwapima watu hao mikono, wakishika ambu. Muuzaji wa miwani anayekuletea fomu za wanafunzi waliofurahi hajafika hata nusu ya hapo.

Mradi mwingine wa karibu na huo ni LIFE, mchezo wa simu wa dharura za watoto uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome wa Nairobi. Unamweka mhudumu katika wodi ya kuchora na kumtaka achague kifaa sahihi kwa haraka. Haudai kufundisha mkono. Unajua mipaka yake, na huo ni werevu.

Kwa wanafunzi hasa, utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2022 katika Nurse Education Today uliwaweka wanafunzi wa uuguzi katika makundi matatu: wa miwani, wa mdoli wa kisasa, na wa mhadhara wa mtandaoni. Kundi la miwani lilipata alama nzuri katika maarifa ya kumpumulisha mtoto, utatuzi wa matatizo, kujiamini na hamu ya kujifunza. Nayakubali matokeo hayo. Lakini yaangalie tena: karibu yote ni mambo ya kichwani, yanayopimwa kwa maswali. Hata kujiamini, ambako watetezi wa teknolojia hii hukutaja kwanza, kuna sura mbili. Kujiamini kunakotokana na ujuzi kunamfanya muuguzi asisite. Kujiamini kusikokuwa na ujuzi kunamfanya asiite msaada.

Kuna mengine madogo ambayo wanunuzi huyapita. Mtoto wa ndani ya miwani ana rangi gani? Programu nyingi zimechorwa Ulaya, Marekani na Asia, na mtoto wao asiyepumua hugeuka buluu mwili mzima. Kwa mtoto mweusi buluu hiyo haionekani hivyo kwenye ngozi. Mkunga wetu hutazama ulimi na midomo, na zaidi ya yote hutazama pumzi na kusikiliza mapigo ya moyo. Mwanafunzi aliyezoezwa kusubiri rangi atasubiri. Laerdal walitengeneza NeoNatalie ya ngozi nyeusi na ya ngozi nyeupe, na sioni kwa nini programu ya kuchora ishindwe.

Lugha ni jambo jingine. Mama aliyejifungua Geita hatamwuliza muuguzi kwa Kiingereza mbona mtoto halii. Atauliza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, huku akimshika mkono. Kumjibu mama huyo kwa sentensi moja ya ukweli bila kuacha kubinya ambu ni stadi kamili, na miwani ingeweza kuifundisha vizuri kuliko mdoli, kama tu sauti ya mama ingerekodiwa hapa. Kumweka mwanafunzi mbele ya bibi anayelia mlangoni, au mbele ya daktari anayefoka, ni jambo ambalo darasa la kawaida haliliwezi bila kualika waigizaji. Hapa ningependa wabunifu wetu wa programu wa Nairobi na Dar es Salaam waone kazi inayowasubiri, badala ya kungoja kununua kisa kilichoandikiwa hospitali ya Ohio.

Halafu kuna umeme, vumbi, betri inayochoka, na akaunti inayodai intaneti kila inapowashwa. Kuna wanaopata kizunguzungu. Kuna sponji ya miwani inayogusa nyuso 60 kwa siku na inayohitaji kufutwa kila mara. Haya yanatatulika, ila lazima mtu mmoja apewe jukumu, na jina lake liandikwe.

Kipimo kikubwa cha mwisho kinatoka tena Tanzania. Mpango wa Safer Births, uliozaliwa Haydom, ulipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, katika watoto wapatao 280,000, yalichapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2025: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Ulikuwa mkusanyiko wa mambo: mazoezi ya mara kwa mara ya wodini kwa midoli inayotoa taarifa za namna ulivyopumulisha, vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni na baada ya kuzaliwa, na takwimu zilizorudishwa kwa wahudumu wenyewe wazijadili. Uhalisia pepe haukuwa nguzo ya mpango huo. Hilo halimaanishi kwamba hauna nafasi. Linaonesha tu kwamba ushahidi wa kuokoa watoto tunao tayari kwa njia nyingine, na miwani bado inatakiwa ilete wake.

Tanzania ilikuwa bado inapoteza watoto wachanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai kwa mujibu wa utafiti wa afya wa mwaka 2022, na Kenya 21 kwa utafiti wake wa mwaka huohuo. Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Vyuo vya uuguzi vina sehemu kubwa ya kazi hiyo, na fedha zao hazitoshi kukosea.

Rai yangu kwa wakuu wa vyuo na wafadhili ni hii. Chuo chenye fedha za kitu kimoja tu kinunue midoli na ambu za kutosha, kiziweke mahali pasipofungwa kwa kufuli, na kimpe mwanafunzi ruhusa ya kuzishika kila wiki mpaka atakapohitimu. Chuo ambacho tayari kina hayo, na ratiba yake inafuatwa, kiongeze miwani kwa ajili ya mpangilio, kasi na mazungumzo na mama, mwanafunzi akitoka kwenye miwani aende moja kwa moja kwenye mdoli. Na muuzaji akija na sanduku lake, aulizwe: wanafunzi waliotumia miwani hii walishikaje ambu miezi sita baadaye, na nani aliwapima? Asipokuwa na jibu, mkataba usubiri.